Sekunde Nne za Kungoja Jibu

Kila Jumatatu saa tatu asubuhi, watu watano walikaa kuzunguka meza ya plastiki katika ghorofa ya pili ya kituo cha televisheni na kupanga watoto waambiwe nini wiki hiyo. Meza ilikuwa na mguu mmoja mfupi. Chini ya mguu huo walikuwa wamekunja skripti ya kipindi cha kwanza kabisa, ambacho wakubwa walikikataa, na tangu hapo meza haikuyumba tena.

Mtayarishaji alikaa karibu na mlango kwa sababu simu yake haikuacha kuita. Kando yake alikaa mtangazaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye watoto walimwita Shangazi, na sasa hata mumewe alimwita Shangazi. Wa tatu alikuwa mchezesha kikaragosi. Kazi yake ilikuwa kumpa uhai Mashavu, kiboko wa kitambaa cha zambarau, na kwa miaka miwili alikuwa amelala chali chini ya meza ya studio, mkono juu, hata kipindi chenyewe hajawahi kukiona. Wa nne alikuwa fundi sauti, mtu asiye na maneno mengi, aliyeweza kujua kwa mlio wa viatu nani hakulala vizuri.

Wa tano alikuwa mwandishi. Aliandika kila kitu kilichosemwa katika kipindi, pamoja na kikohozi cha kiboko. Alikuwa na binti wa miaka mitano, ambaye kila asubuhi alimwacha nyumbani na wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuja kukaa nao kwa ajili hiyo hasa.

Katika skripti zake kulikuwa na jambo moja alilojivunia kuliko vichekesho vyote vya Mashavu. Kila Shangazi alipouliza swali, mwandishi aliandika katika mstari wa peke yake: KIMYA, SEKUNDE NNE. Shangazi alitakiwa kuitazama kamera, kuinamisha kichwa kidogo, na kungoja. Mtayarishaji mwanzoni alilalamika kwamba sekunde nne hewani ni mwaka mzima, na kwamba mtu anaweza kuhama stesheni, akaoa, akazaa na asirudi. Mwandishi alishikilia. Alisema mtoto akiulizwa na asingojewe, atajua kwamba hakuulizwa.

Basi wakangoja, kila siku saa kumi jioni, kipindi kizima nusu saa, kimya mara sita au saba. Kwa miaka miwili kimya kilikuwa kimya.

Sauti zilianza Jumanne moja, katika kipindi cha mia tano na kumi na mbili. Mashavu alikuwa amepoteza kiatu, na kiatu kilikuwa juu ya kichwa chake. Shangazi akauliza kiko wapi, akainamisha kichwa, akangoja. Kwenye spika ya chumba cha mitambo watoto wakajibu, "Kichwani!" Walikuwa wengi sana. Baadhi walichelewa, mmoja alisema "Mguuni," na mmoja aliomba maji.

Fundi sauti alichomoa nyaya moja baada ya nyingine. Watoto waliendelea kujibu. Alipoizima kabisa ile spika, sauti zilihamia kwenye spika ya pili, iliyokuwa na mkwaruzo, kwa hiyo akairudisha ya kwanza. Akaandika katika daftari la zamu: "Saa kumi na dakika saba, watoto wamejibu. Sauti safi, haina mwangwi." Baadaye aligundua kwamba sauti hizo hazikuingia hewani wala hazikunaswa kwenye rekodi. Zilisikika pale tu, kwa muda wa sekunde nne, kisha zikakatika.

Mtayarishaji aliuliza kama kuna fomu ya kujaza kwa jambo kama hilo. Fomu haikuwepo. Mchezesha kikaragosi alisema, kutoka chini ya meza, kwamba walau sasa anajua kuna mtu anatazama.

Shangazi aliwekewa sauti hizo sikioni, na kazi yake ikanoga. Walipokosea aliwasahihisha, walipopatia aliwasifu. Yule aliyeomba maji, Shangazi alimwambia, "Mwombe mkubwa wako akupe maji, mpenzi." Barua za pongezi zikaongezeka. Wazazi waliandika kwamba watoto wao wametulia, hawasumbui, hawatoki mbele ya kioo.

Ndipo ikaja wiki ya "Nyumbani Kwetu."

Waliipanga kama walivyopanga wiki nyingine. Jumatatu jikoni, Jumanne kitandani, Jumatano watu wa nyumbani, Alhamisi milango na madirisha, Ijumaa usafi. Mtayarishaji alitaka Jumatano iwe na wimbo. Shangazi akasema nyimbo tatu kwa wiki zinatosha, koo lake si bomba la maji. Mwandishi akasema atatafuta swali zuri, akarudi kwenye kidawati chake kando ya mashine ya kunakili, akanywa chai, akaandika kipindi cha Jumatano kwa saa moja na nusu. Katikati ya ukurasa wa nne aliandika hivi:

SHANGAZI: Sasa hivi, hapo nyumbani, uko na nani?

KIMYA, SEKUNDE NNE.

SHANGAZI: Vizuri sana! Una bahati, uko na mtu anayekupenda. Haya, mkumbatie!

MASHAVU anamkumbatia SHANGAZI.

Aliridhika nao ukurasa huo. Skripti ilipelekwa juu kwa wakubwa ikarudi na muhuri siku hiyohiyo.

Jumatano saa kumi na dakika kumi na mbili, Shangazi aliuliza swali hilo. Akainamisha kichwa. Watoto wakajibu, na jibu lililofunika mengine lilikuwa moja.

"Peke yangu."

Hawakulia. Walilisema kwa sauti ileile waliyosemea "Kichwani," sauti ya mtoto anayejua jibu na kufurahi kwamba ameulizwa. Wachache walisema mama, wachache dada, mmoja alisema yuko na mdogo wake na mdogo wake amejikojolea. Lakini "peke yangu" zilikuwa nyingi mno, hata sindano ya kipimo cha sauti ikalala upande mwekundu na kukaa huko.

Sekunde nne zikaisha. Maneno yalikuwa yanapita kwenye kioo cha kusomea, na Shangazi, ambaye kwa miaka ishirini alisoma kila lililopita mbele yake, akasoma. "Vizuri sana! Una bahati, uko na mtu anayekupenda. Haya, mkumbatie!" Mashavu akamkumbatia. Kamera namba mbili ilitetemeka kidogo, kisha ikatulia.

Mwandishi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha fundi sauti, kikombe mkononi. Katikati ya zile sauti alikuwa amesikia moja iliyosema, "Peke yangu, basi." Binti yake alikuwa na mazoea ya kumaliza kila sentensi na "basi," kama karani anayegonga muhuri. Moyo haukumdunda. Ulisimama tu, kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni asijue ageukie wapi. Akakiweka kikombe juu ya mtambo, mahali palipokatazwa kuweka vikombe, na fundi sauti hakumkataza.

Kipindi kiliisha. Walitoka mmoja mmoja hadi kwenye korido, ambako ukutani paliandikwa kwa rangi "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo," wakasimama kwa mstari, kila mtu ameelekeza uso ukutani na simu sikioni. Walikuwa kumi na mmoja, pamoja na mpaka poda na dereva. Waliopokewa simu walisema kwa sauti ya chini, "Uko wapi wewe?" Wasiopokewa walisikiliza mlio.

Wifi yake mwandishi alipokea. Nyuma yake mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma.

"Wifi, mtoto yuko wapi?"

"Yupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo nyumbani, wifi. Anakutazama."

Mwandishi alifika nyumbani saa kumi na mbili kasoro. Wifi alikuwa ameshawahi, amemwogesha mtoto, na nyumba inanukia sabuni. Mtoto alimkimbilia mama yake, akamsimulia jinsi Mashavu alivyomkumbatia Shangazi. Walingoja alale ndipo wakakaa jikoni.

"Tangu lini?" mwandishi aliuliza.

"Tangu nianze saluni. Miezi saba." Wifi hakuinamisha macho. "Naondoka saa saba, narudi saa kumi na moja na nusu. Namlisha, namkojosha, nafunga jiko la gesi, nafunga mlango. Ufunguo nakwenda nao."

"Akianguka je? Moto ukiwaka je?"

"Saa saba mpaka saa tisa analala. Saa tisa katuni. Saa kumi ni wewe. Wifi, ningemwacha na ukuta ningekuwa mwehu. Mimi namwacha na nyinyi. Shangazi akimwambia akae, anakaa. Akimwambia anawe mikono, ananawa. Mimi nikimwambia, ananiuliza kwa nini."

 Wifi akasukuma glasi ya maji mbele ya mwandishi.

"Kila mtu pale mtaani anafanya hivyo," alisema. "Ulidhani wale wanaowaandikia barua za shukrani wako nyumbani?"

Mumewe alirudi kutoka kiwandani saa mbili usiku, akasimuliwa habari yote, akasema itabidi watafakari. Akala, akatafakari hadi usingizi ukamchukua. Asubuhi wifi alikubali kutokwenda saluni siku hiyo moja.

Fundi sauti hakuwa na mtoto, kwa hiyo hakutoka kwenda korido. Wakati wenzake wanapiga simu, yeye alibaki na daftari lake, akaandika kila alichokumbuka kabla hakijafutika. Alhamisi asubuhi alimngoja mwandishi ngazini, akamwonyesha mstari wa mwisho. Sauti ya mtoto mdogo, mwenye mafua, iliyokuja nyuma ya nyingine zote: "Na bibi. Lakini bibi haamki."

Walikaa kwenye ngazi. Mwandishi alisoma mstari ule mara tatu.

Walipiga simu polisi. Askari wa zamu aliuliza jina la mtoto, mtaa, na namba ya nyumba. Mwandishi akasema hajui lolote kati ya hayo. Askari akauliza habari hiyo wameipataje.

"Alijibu swali la kipindi."

"Hata wangu hujibu," alisema askari. "Lakini bila anwani, dada, gari letu nitalielekeza wapi?"

Akawatakia kazi njema.

Mtayarishaji alisikiliza habari hiyo akiwa amesimama, simu yake ikiita mkononi. Kope zake zilikuwa nyekundu, maana mapacha wake nao walikuwa wamejibu.

"Skripti ya leo imeshapita juu," alisema. "Siwezi kumwambia Shangazi aulize nani ana maiti ndani. Sisi ni kipindi cha watoto."

"Leo ni milango na madirisha," mwandishi alisema.

"Najua ni milango na madirisha."

"Naomba kubadilisha swali moja la dirisha."

Aliliandika palepale, nyuma ya bahasha: Ukichungulia dirishani, unaona nini? Mtayarishaji alilisoma. Halikuwa na ubaya wowote. Alitia saini bila kumtazama usoni, kisha akasema kwamba funguo za gari la kituo ziko kwenye droo ya juu, na kwamba yeye mwenyewe anaweza kukaa kwenye mitambo ikibidi, kazi aliyoanzia ujanani.

Saa kumi na dakika tano Shangazi aliuliza. Watoto waliona anga, waliona nguo zilizoanikwa, waliona paka, basi, dirisha jingine, mtu anayepiga chafya. Yule wa mafua akasema, "Jino."

Shangazi hakungoja maneno ya kwenye kioo. "Jino kubwa au dogo?"

"Kubwa kuliko nyumba."

"Jino liko juu yako au chini yako?"

"Chini."

Fundi sauti alishasimama. Mji mzima uliujua ukuta wa daktari wa meno nyuma ya stendi ya zamani, ukuta uliochorwa jino jeupe lenye macho, limeshika mswaki kama bunduki. Mkabala wake kulikuwa na jengo moja tu refu, na juu ya usawa wa jino kulikuwa na ghorofa moja tu, ya nne.

Waliliacha gari la kituo barabarani, wakapanda ngazi za jengo hilo wakikimbia, mwandishi kavua viatu. Korido ya ghorofa ya nne ilikuwa tupu na safi. Milango ilikuwa sita, na nyuma ya kila mlango walimsikia Shangazi. Sauti yake ilitoka katika nyumba zote sita kwa wakati mmoja, tamu, haina haraka, ikieleza tofauti ya bawaba na kitasa.

Mwandishi alibisha mlango wa kwanza. Hakuna aliyesogea, kwa kuwa watoto wa siku hizi wamefundishwa vizuri kutofungua. Yeye mwenyewe aliandika kipindi hicho, mwaka uliopita. Akampigia mtayarishaji, naye akamnong'oneza Shangazi sikioni, na Shangazi akageukia kamera.

"Wewe unayeona jino kubwa dirishani, mpenzi wangu, nenda ukagonge mlango wenu. Gonga sana."

Milango yote sita ikagongwa kutoka ndani.

Iligongwa chini, karibu na sakafu, kwa mikono midogo. Mwandishi na fundi sauti walisimama katikati ya korido wakigeuka huku na huku. Hapo ndipo walipoona makufuli. Mitano kati ya milango ile ilikuwa na makufuli kwa nje, makubwa, mapya, ya aina moja, kama kwamba majirani walikwenda kuyanunua pamoja. Mlango wa sita haukuwa na kufuli. Aliyeufunga alikuwa ndani.

Fundi sauti alitoa bisibisi mfukoni, akafungua skrubu nne.

Mtoto alikuwa wa miaka minne hivi, kamasi zimekauka juu ya mdomo. "Shikamooni," alisema, kisha akarudi kuketi mbele ya televisheni. Bibi alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimeegama, mikono mapajani, amefunikwa shuka hadi kifuani. Juu ya mkono wa kiti kulikuwa na biskuti tatu zilizopangwa kwa mstari, ambazo hakuzila. Simu ilikuwa sakafuni, imeishiwa chaji. Baadaye ilijulikana kwamba mama wa mtoto, aliyefanya kazi mji mwingine, alikuwa amepiga mara arobaini na moja. Daktari alisema bibi alifariki Jumatatu.

Mwandishi alipiga magoti. "Nani amemfunika bibi?"

"Mimi. Shangazi alisema tumkumbatie. Nikamkumbatia, nikaona ana baridi."

Mwandishi alibaki amepiga magoti. Macho yake yalikuwa kwenye biskuti na hakuweza kuyatoa pale. Fundi sauti ndiye aliyempangusa mtoto pua, ndiye aliyempa maji, ndiye aliyeita askari, na safari hii askari walikuwa na anwani. Mtoto aliomba wangoje kwanza kipindi kiishe. Wakangoja. Kilikuwa kimebaki dakika sita.

Ile milango mingine mitano iliendelea kugongwa hadi Shangazi alipoaga. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waendelee, watoto wakaacha. Makufuli hayakuwa ya mwandishi wala ya fundi sauti. Askari aliyekuja aliyatazama, akasema wenyewe watarudi jioni, watu wako kazini. Kwenye taarifa yake aliandika kwamba korido ilikuwa tulivu.

Ijumaa waliitwa juu.

Mkurugenzi alikuwa mtu mpole, mwenye wajukuu. Alikuwa na daftari la fundi sauti mbele yake, na alikuwa amelisoma lote, hata yale ya kikohozi na paka. Habari ya sauti kutokea kwenye spika iliyochomolewa hakuiuliza. Alichouliza ni hesabu. Fundi sauti akasema kwamba kwa kukadiria, kati ya watoto kumi, sita walisema wako peke yao.

"Sita," alisema mkurugenzi.

Akavua miwani. Waliokuwa ofisini waliona kwamba anaumia kweli. Sekretari alishusha pazia ili jua lisimpige machoni. Mwandishi alifikiri: sasa kitasemwa kitu. Alijikaza, akasema kwamba wangeweza kuwaambia wazazi. Wangeweza kusoma hesabu hiyo kwenye taarifa ya habari, wakaeleza kuhusu makufuli.

"Na nyumba ikiungua wakati wazazi wanajibizana nasi?" mkurugenzi aliuliza kwa upole. "Ukimwambia mama aache kazi, utamlisha wewe? Hapana. Ila hatuwezi kuwaacha watoto hawa peke yao. Hilo hatuwezi."

Aliamua kwamba kuanzia mwezi ujao kipindi kitaanza saa nane mchana na kwisha saa kumi na moja jioni.

Ilikuwa habari kubwa. Shangazi alishika kifua. Mtayarishaji alianza kupiga makofi, kisha mchezesha kikaragosi, ambaye ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye kiti mbele ya wakubwa, kisha wote. Mwandishi aliitazama mikono yake na kuona kwamba nayo inapiga.

Tangazo lilipotoka, barua zilijaza masanduku mawili. Kiwanda kimoja kiliandika kushukuru, kwamba sasa kimeweza kuongeza zamu ya mchana ya wafanyakazi wanawake, nao hawaangalii tena saa. Nyumbani, wifi alipandishwa kuwa msusi wa siku nzima. Mwandishi alijaribu kwenda na binti yake kazini, akamleta siku tatu. Siku ya nne mlinzi, kwa heshima zote, alimwonyesha kibao kilichokuwa pale tangu jengo lifunguliwe: Watoto hawaruhusiwi studio. Mumewe alisema kwamba walau mtoto atakuwa na mama yake mchana kutwa, kwa namna yake. Mwandishi hakuzungumza naye siku mbili. Siku ya tatu alimwomba chumvi.

Makufuli mawili yalikuwa dukani karibu na kituo cha basi, la shaba na la chuma. Mwandishi alinunua la shaba, kwa kuwa wifi alisema la zamani linakwama na siku moja litawaumbua.

Kuandika kipindi cha saa tatu kila siku haikuwa kazi ya kitoto. Waliongezewa waandishi wawili vijana, lakini yeye alibaki na saa ya mwisho. Alijifunza kuandika mambo ambayo hakuwahi kuyaandika. Aliandika, "Kunywa maji yaliyo kwenye kikombe, usifungue bomba." Aliandika, "Usisogelee jiko." Aliandika, "Sasa nenda chooni, mimi na Mashavu tunakungoja hapa," na chini yake akaandika: KIMYA, DAKIKA TATU. Mtayarishaji hakulalamika. Katika dakika hizo tatu, Shangazi alifuma soksi, na kwenye spika zilisikika nyayo nyingi zikienda na nyingi zikirudi. Fundi sauti alizihesabu zote mbili. Hesabu zilipotofautiana, Shangazi aliita.

Fomu nayo ilipatikana hatimaye. Ilikuwa na sehemu ya tarehe, ya mada, na mstari wa "Waliojibu peke yangu," ambao ulijazwa kila siku na kupelekwa ofisi ya matangazo ya biashara, kwa sababu wauza biskuti walipenda kujua.

Jumatatu ya wiki ya tatu, saa kumi na moja kasoro robo, taa za studio zilipunguzwa. Shangazi aliketi sakafuni, Mashavu kichwa mapajani mwake. Aliweka kidole mdomoni, akauliza kwa sauti ya chini, kama ilivyoandikwa, "Nani hajalala?"

Sekunde ya kwanza hakukuwa na kitu. Ya pili, spika ilijaa pumzi, pumzi za watoto wengi wasiohesabika, zikipanda na kushuka, nyingine na mkoromo mdogo. Ya tatu, sauti ambayo mwandishi aliijua ikasema, "Mimi."

Mwandishi alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha fundi sauti.

"Lala, mama," alisema.

Sauti zile zilikuwa za kuja tu, hazikuwahi kuwa za kwenda, na kila mtu pale chumbani alilijua hilo. Sekunde ya nne ikaisha. Fundi sauti aliweka kidole juu ya kitufe cha wimbo na hakukibonyeza. Aliacha sekunde nyingine moja, ambayo haikuwamo kwenye skripti, na ndani ya sekunde hiyo hakuna kilichosikika ila pumzi. Kisha akabonyeza.

Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao, mtayarishaji aliuliza sekunde ile ilitoka wapi, maana juu wameiona. Mwandishi akasema ni kosa lake, na kwamba halitarudiwa.